Video inazunguka tu? Mtafute mkosaji kabla hujanunua rauta mpya

Mwanza ukisema "mtandao leo mbovu", hakuna atakayekubishia. Lakini kati ya kompyuta inayotunza ile video na macho yako kuna vituo kadhaa, na kila kimoja kinaweza kukwama peke yake: seva ya video, mitambo ya kampuni yako ya intaneti, mnara au faiba inayofika kwako, rauta, waifai ya sebuleni, na mwisho kabisa TV au simu. Kuna watu wamenunua rauta mpya kumbe tatizo ni TV, na wengine wamehama kampuni kumbe adui ni ukuta wa mawe. Mwongozo huu unapima kituo kimoja baada ya kingine, kuanzia kwenye vipimo vya bure. Hela itoke mwisho, na mara nyingi haitoki.

Hatua ya 1: Tazama inakwama vipi

Kabla ya kugusa kitu, kaa utazame tatizo lenyewe kwa dakika chache. Video ya mtandaoni huletwa vipandevipande vya sekunde chache chache, na programu hutunza akiba ya vipande vya mbele. Ni kama simtanki juu ya paa: maji ya bomba yakikatika, ndani mnaendelea kuoga mpaka tanki likauke. Kile kiduara kinachozunguka ndilo tanki lililokauka.

Kwa hiyo duara likizunguka, data haifiki kwa kasi inayotakiwa. Picha ikiwa ya ukungu lakini haisimami, programu imeshusha ubora yenyewe ili isikwame; laini yako ni dhaifu ila haijafa. Picha ikirukaruka huku sauti inakwenda vizuri, acha kuilaumu kampuni ya simu, hicho ni kifaa kimelemewa. Na programu ikikataa kufunguka kabisa wakati WhatsApp inafanya kazi, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 6.

Matangazo mubashara ni kesi ya peke yake. Mechi ya Simba na Yanga inaweza kukwama kwenye laini ileile iliyopitisha filamu nzima bila taabu, kwa sababu mubashara haina akiba kubwa ya mbele: tukio lenyewe bado halijatokea. Tena dakika hizo mtaa mzima uko kwenye mnara mmoja.

Ukiwa na kompyuta, fungua video yoyote ya YouTube, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya picha, uchague "Stats for nerds". Litatokea dirisha dogo lenye maandishi mengi. Soma mistari miwili tu. "Buffer Health" inaonyesha akiba iliyobaki kwa sekunde. Ikishuka kuelekea sifuri, tatizo ni laini. "Frames" inaonyesha picha ngapi zimedondoshwa. Hizo zikipanda haraka wakati akiba ni nzuri, tatizo ni kifaa. Dirisha hilo moja linaweza kumaliza ubishi wa wiki nzima ndani ya nyumba.

Hatua ya 2: Pima kasi ukiwa umekaa karibu na rauta

Sogea hadi mita moja au mbili kutoka kwenye rauta, zima waifai kwenye vifaa vingine vyote, kisha fungua fast.com kwenye simu. Kipimo hicho ni cha Netflix na kinavuta data kutoka seva zao za video, kwa hiyo kinakaribia hali halisi. Linganisha na speedtest.net, maana baadhi ya seva zake ziko hapahapa nchini. Ya seva ya hapa nchini ikiwa nzuri na fast.com ikiwa mbaya, huenda njia ya data kutoka nje ya nchi ndiyo yenye shida.

Netflix wanashauri megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya ubora wa 720p, 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K. YouTube wako karibu na hapo, isipokuwa 4K ambayo wao wanaitakia 20. Hiyo ni kwa skrini moja. Watoto wakiwa na katuni chumbani, jumlisha. Na usichanganye megabiti na megabaiti: kasi hupimwa kwa biti, bando huuzwa kwa baiti, na biti 8 ni baiti moja.

Kwa familia ya kawaida mimi ningechagua megabiti 10 zilizotulia kuliko 40 zinazopanda na kushuka. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi. Pima alfajiri, kisha pima tena kati ya saa mbili na saa nne usiku, siku mbili tatu, uandike pembeni.

Ukishapata namba, zisome hivi. Alfajiri nzuri na usiku mbaya maana yake mnara umeelemewa, na hakuna rauta ya bei yoyote itakayokusaidia; dawa ni kubadili kampuni, kuhamia faiba kama imefika mtaani kwako, au kupakua filamu usiku wa manane ukazitazama jioni inayofuata. Mbaya saa zote: nenda hatua ya 3 na ya 4. Nzuri karibu na rauta lakini mbaya chumbani: hatua ya 5. Nzuri kila mahali na video bado inakwama: hatua ya 6.

Hatua ya 3: Bando

Hii ni fupi lakini usiiruke. Vifurushi vingi vinavyoitwa vya bila kikomo vina kikomo cha matumizi ya haki: ukifika GB fulani, kasi inashushwa mpaka mwezi uishe au ulipie tena. Intaneti haikatiki, inakuwa ya konokono tu, na mtu anafikiri rauta imekufa. Piga menyu ya kampuni yako uone salio. Kumbuka kwamba video inayotumia megabiti 5 kwa sekunde inakula GB 2.25 kwa saa, yaani bando la GB 5 linakwisha kwa saa mbili na dakika chache. Bando likiwa dogo, shusha ubora hadi 480p. Kwenye skrini ya simu tofauti ni ndogo sana.

Hatua ya 4: Mawe, bati na ziwa

Wanaotumia laini ya simu kwenye rauta, someni hapa taratibu, kwa sababu Mwanza si Dodoma wala Tabora. Mji umepanda juu ya milima ya mawe. Igogo, Mabatini, Isamilo, Bugando, Kitangiri: nyumba zimejibanza kati ya mawe makubwa kuliko zenyewe, na mawimbi ya mnara hayapenyi jiwe la matale. Jirani aliye upande wa pili wa jiwe, mita thelathini tu kutoka kwako, anaweza kuwa anatazama mpira bila wasiwasi wakati wewe unahesabu duara. Kusema "mbona kwa jirani inashika" si hoja mbele ya kampuni. Jirani anauona mnara mwingine.

Usitegemee vile vimistari vya juu ya skrini. Tafuta namba. Kwenye simu nyingi za Android, ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha hali ya SIM. Utaona nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa dBm, namba yenye alama ya kutoa mbele. Kwenye rauta, fungua kivinjari uandike anwani iliyobandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.8.1, 192.168.1.1 au 192.168.0.1, uingie kwa nywila iliyoandikwa hapohapo. Tafuta RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara, nayo kwa dBm) na SINR (usafi wa mawimbi hayo). RSRP ya -80 au inayokaribia sifuri zaidi ya hapo ni nzuri sana, -100 ni ya kuvumilia, chini ya -110 usitegemee video. SINR inaonyesha kiasi gani sauti ya mnara wako inasikika kuliko kelele za minara mingine: juu ya 20 ni safi, karibu na 0 ni vurugu. Vimistari vikijaa na SINR ikiwa 2, video itakwama na utabaki unashangaa.

Sasa tembea. Weka SIM ya rauta kwenye simu, zunguka nyumba kona kwa kona, kila mahali subiri kama nusu dakika namba itulie. Chukua nyumba ya vyumba vitatu pale Kitangiri, paa la bati, jiwe limeegemea ukuta wa nyuma. Nyuma ya TV, mahali ambapo rauta huwekwa kwa sababu soketi iko hapo, unaweza kusoma -112. Kwenye dirisha la upande wa ziwa ukasoma -96. Kila hatua ya 3 kwenye namba hizo (dB 3) ni nguvu mara mbili, kwa hiyo tofauti hiyo ya 16 ni kama mara 40. Hakuna pesa iliyotoka. Kinachohitajika ni waya mrefu wa soketi. Rauta ikae dirishani, juu, si sakafuni, na mbali na kioo cha rangi chenye utando wa kung'aa, maana utando ule una chembe za metali zinazorudisha mawimbi nje.

Kama mnara uko mlimani juu yako, bati ndilo linalokukinga usiupate. Hapo antena ya nje ina maana: ifungwe kwenye nguzo pembeni mwa paa, ielekezwe mnarani, na waya wake uwe mfupi kadiri inavyowezekana kwa sababu waya mrefu unakula mawimbi yaleyale uliyopanda kuyafuata. Hakikisha rauta yako ina matundu ya antena. Nyingi ndogo hazina. Na usiweke nguzo bila kuishushia waya wa ardhini. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na radi za usiku zinazotoka ziwani hazina mzaha. Mawingu yakijikusanya, chomoa waya wa antena na wa umeme pia.

Wakazi wa pwani, kuanzia Kirumba na Bwiru hadi Nansio kule Ukerewe, wana shida iliyo kinyume. Juu ya maji hakuna kizuizi, kwa hiyo rauta inaweza kung'ang'ania mnara wa ng'ambo ulio mbali badala ya ule wa karibu uliojificha nyuma ya kilima. Dalili yake ni namba zinazobadilikabadilika bila wewe kusogea. Geuza rauta, isogeze upande wa nchi kavu wa nyumba, upime upya. Rauta nyingine zina sehemu ya kuchagua masafa kwenye mipangilio. Yajaribu moja moja, ukiandika kasi ya kila moja.

Hatua ya 5: Waifai ndani ya nyumba

Rauta nyingi za siku hizi zinatoa waifai mbili. Ya 2.4 GHz inafika mbali lakini ina msongamano. Ya 5 GHz ina kasi lakini inachoka ikikutana na kuta mbili. TV iliyo chumba kimoja na rauta iunganishe na ya 5. Iliyo mbali iache kwenye 2.4, na kama unaishi nyumba za kupanga zilizobanana, tuseme Nyakato au Mabatini, ambako kila mlango una rauta yake, ingia kwenye mipangilio uchague chaneli 1, 6 au 11. Hizo tatu ndizo zisizoingiliana. Programu ya kuchunguza waifai kwenye simu itakuonyesha ipi ina watu wachache.

Kuna vitu vya nyumbani vinavyokula mawimbi: friji, kioo kikubwa, kabati la vyombo, simtanki lililojaa maji. Maikrowevu inapofanya kazi inachafua 2.4 GHz moja kwa moja. Kijiti cha TV (kile kidude kinacholetea TV video za mtandaoni) kilichochomekwa nyuma ya skrini kimefunikwa na bamba la chuma. Kitoe pembeni kwa kile kiwaya kifupi cha HDMI na mara nyingine tatizo linaishia hapo.

Ukiniuliza nini cha kununua kama ni lazima, nitasema waya. Waya wa mtandao kutoka tundu la LAN la rauta mpaka TV haujali mawe, jirani wala maikrowevu, na unaweza kufika mita 100 bila kupoteza kitu. Tundu la mtandao la TV nyingi linaishia megabiti 100, ambazo zinakutosha na kubaki. Vile vidude vya kurefusha waifai vinavyouzwa kwa maneno matamu mara nyingi hupokea na kutuma kwa redio moja, kwa hiyo kasi inakatwa karibu nusu.

Kabla hujatoka hatua hii, uliza nani anapakia nini. Simu moja inayotuma picha za harusi nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni inaweza kuziba njia ya kupanda, na video inayoshuka ikakwama nayo kwa sababu TV inashindwa hata kuomba kipande kinachofuata. Kompyuta inayojisasisha Windows hufanya vivyo hivyo kwa upande wa kushuka. Zisimamishe, uone.

Hatua ya 6: TV na simu

Anza kwa kuchomoa TV ukutani kwa dakika moja. Kuzima kwa rimoti ni kuilaza tu, haianzi upya. Kisha angalia tarehe na saa. TV iliyokaa bila umeme ikarudi na tarehe ya miaka iliyopita itakataa kufungua Netflix, YouTube na nyinginezo, kwa sababu vyeti vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika. Hili linawasumbua watu sana baada ya umeme kukatika muda mrefu, na suluhisho lake ni kuweka saa ijisahihishe yenyewe.

Baada ya hapo futa kashe ya programu (data ya muda inayojihifadhi), isasishe, na ufute programu usizotumia kama nafasi imejaa. Netflix ikikuandikia UI-800-3, data iliyohifadhiwa kwenye kifaa ndiyo ya kufutwa. Ikiandika NW-2-5, kifaa hakifikii mtandao, rudi hatua zilizopita.

TV au simu za zamani zina ugonjwa mwingine: zinatumiwa video iliyobanwa kwa mfumo mpya kama AV1 ambao chipu yao haiujui, basi prosesa inahangaika kuifungua na picha zinadondoka. Kwenye lile dirisha la YouTube, mstari wa "Codecs" utaonyesha av01. Shusha hadi 720p au 480p. Kama kijiti cha bei nafuu kinaiweza kazi hiyo kuliko TV yenyewe, kununua kijiti ni akili kuliko kununua TV.

Hatua ya 7: Umeme

Rauta inayojiwasha upya jioni, taa zinapofifia, haina ubovu wowote. Umeme umeshuka. Kuna UPS (betri za akiba) ndogo za rauta zinazotoa volti 12. Soma volti na ampia zilizoandikwa kwenye adapta yako kabla ya kununua, na usibahatishe. Ila umeme ukikatika mtaa mzima na mnara nao ukabaki kwenye betri iliyochoka, UPS yako itakuwa inalinda laini isiyo na kitu.

Mvua nayo inasingiziwa sana. Inaharibu king'amuzi cha dishi kweli, lakini mawimbi ya simu na waifai hayaijali kiasi hicho. Kinachoharibika ni umeme, au viungo vya redio vya masafa ya juu vinavyounganisha mnara na mnara.

Hatua ya 8: Nje ya uwezo wako

Kwenye kompyuta ya Windows fungua "Command Prompt", andika ping 192.168.1.1 -n 50 ukiweka anwani ya rauta yako. Kisha rudia kwa ping 8.8.8.8 -n 50, ambayo ni anwani ya Google, nje ya nyumba yako. La kwanza likipoteza pakiti (vifurushi vidogo vya data, vinaandikwa "Lost"), ubovu uko ndani ya nyumba. La kwanza likiwa safi na la pili likipoteza, ubovu uko kwa kampuni au mbele yake. Kwa wenye faiba ni rahisi zaidi: taa ya LOS kwenye kifaa cha faiba ikiwa nyekundu, mwanga haufiki, waya umekatika au umepindwa mahali. Usiufungue mwenyewe.

Mara nyingine tatizo liko chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania na majirani zake. Siku kama hiyo hakuna cha kurekebisha sebuleni. Kama unatumia VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine), ukiizima unaweza kupata nafuu kidogo kwa sababu inaizungusha data nchi ya mbali. Halafu kumbuka kwamba mwaka 2023 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilitangaza matumizi ya VPN yasajiliwe.

Kama yote ni safi nyumbani na namba bado mbaya, piga huduma kwa wateja ukiwa na zile ulizoandika: tarehe, saa, kasi ya alfajiri na ya usiku, RSRP, SINR, matokeo ya ping, na mtaa pamoja na alama inayojulikana kama shule au zahanati. Mhudumu atakuambia uzime rauta na kuiwasha. Mwambie umeshafanya, omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko, uiandike. Wakizungusha bila jibu, peleka namba hiyo na vipimo vyako TCRA, wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza, na malalamiko hupokelewa pale baada ya kampuni yenyewe kupewa nafasi ya kwanza.